Nyumba Asimokula Mama

Mama yangu hakuwa akinywa hata maji nyumbani kwangu. Nasema nyumbani kwangu, lakini yeye alisema ni nyumbani kwa mkwe wake, na tofauti hiyo ndiyo iliyotuhangaisha mwaka ule nilipojifungua mtoto wa kwanza. Kuingia aliingia. Kukaa alikaa, kufagia alifagia, na kunisema alinisema mpaka masikio yaume. Lakini kutia kitu mdomoni chini ya bati la mwanaume aliyemwoa binti yake, hapana. Kulala humo ndiyo kabisa, usimtajie.

Kwetu, katika milima ya Kivu Kusini tuliyotoka nikiwa mdogo, mama hali kwa mkwe wake mpaka ndugu zake yeye, yaani wajomba zangu, wamlete rasmi. Wanakuja naye siku iliyopangwa, wanapokewa na ukoo wa mume, mbuzi anachinjwa, maneno yanasemwa na kujibiwa, kisha mjomba mkubwa anamega tonge la kwanza la bugali, ugali wetu wa muhogo, na kumtia dada yake mkononi. Akishalila lile tonge, mlango umefunguka. Tangu hapo anaweza kuja kila Jumapili akamaliza sufuria, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa, wajomba zangu wako wapi? Mmoja alibaki Kongo, na simu yake inapatikana tu akipanda kilimani kutafuta mtandao. Mwingine yuko Burundi. Wa mwisho alipelekwa Amerika na familia yake, na huko tunamwona kwenye simu amevaa koti ndani ya nyumba, akitutumia baraka. Hakukuwa na hata mmoja wa kumshika mama mkono na kumwingiza. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote, na bado alingoja.

Mume wangu aliliona jambo hili kama kichekesho. Yeye ni seremala, alikulia Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, kama mimi, tulikutana kwenye kwaya ya kanisa, na kama kuna kitu kinachomshinda duniani basi ni kunyamaza. Mara ya kwanza mama alipotutembelea Nyamitanga, tulikopanga vyumba vyetu mjini, ng'ambo ya mto Rwizi, alimwandalia meza mwenyewe, akamvutia kiti, akasema kwa furaha, "Mama, ile mambo ya zamani tuliiacha kule ku mupaka. Hapa tuko bakimbizi. Ukule tu!"

Mama hakumtazama, kwa sababu mkwe hatazamwi usoni. Alijibu akiangalia pazia. "Aksanti, mukwe wangu. Nitakula siku bandugu yangu batanileta."

Kisha akanigeukia mimi, akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani neno kuhusu malezi ya mume wangu ambalo sitaliandika hapa.

Basi ikawa hivyo. Alikuwa akitoka Nakivale, kule karibu na Misiera anakouza unga wa muhogo na samaki wakavu, anakuja na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwenye kitenge. Anatupakulia. Anakaa pembeni na kututazama tunavyokula, kama mtu anayetazama mpira. Tukimkaribisha anasema amekula njiani. Siku moja nilimsindikiza hadi kituo cha magari, nikamnunulia chapati, akazila pale pale amesimama, moja juu ya nyingine, bila kupumua. Mimi nina hasira za karibu. Nilimgombeza mbele ya watu, nikamwambia anajiua kwa njaa kwa ajili ya mila ambayo hata wenye nayo wametawanyika. Alijifuta mafuta vidoleni, akaniuliza kama nimemaliza, akapanda gari.

Halafu nikajifungua.

Kwetu mzazi hakai peke yake. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapikiwa, na anayefanya hayo yote ni mama yake. Mama alifika na mzigo kichwani na mwingine mkononi: kitenge cha kunifunga, majani aliyoyajua yeye, unga wake mwenyewe kwa kuwa hauamini unga wa mjini, na mukene, wale samaki wadogo wa Uganda ambao huwanunua kila wiki na kuwatukana kila wiki kwa sababu si ndagala wa Tanganyika. Alimpokea mtoto, akamnusa shingoni, akamwombea. Kisha akasema atakaa mpaka nipone.

Hapo ndipo mume wangu alipokuna kichwa. Atakaa wapi? Alijitolea kwenda kulala kwenye karakana yake, katikati ya mbao na randa, ili mama apate chumba. Mama alimjibu kupitia kwangu, ingawa kulikuwa na hatua chache tu kati yao.

"Mwambie, hata akienda kulala Kampala, nyumba inabakia yake."

Aliyetuokoa ni jirani. Ni mama wa Kinyankore, mjane, mwenye migomba nyuma ya nyumba na masikio yanayovuka ua. Alikuwa amesikia yote. Alikuja na kikombe cha bushera, ule uji wao wa nafaka, akaniwekea mkononi, kisha akamgeukia mama na kumwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Nyabo, mimi nasikia. Hata sisi iko hiyo mambo. Mama ya bibi hapana kula kwa mkwe hivi hivi. Wewe atalala kwangu. Kula, kwangu."

Sijawahi kumwona mama yangu akimpenda mtu haraka namna ile. Alimshika mikono yote miwili. Walikuwa na Kiswahili cha kuokoteza tu kati yao, kila mmoja akivunja cha kwake upande wake, na bado walielewana kuliko mimi na mume wangu. Mume wangu naye alibaki mdomo wazi. Alidhani mila ile tuliibeba sisi kutoka milimani, kumbe hata nyumba ya jirani ilikuwepo tangu zamani.

Siku zetu zikapata utaratibu. Asubuhi, mume wangu akishaondoka, mama aliingia. Mchana alipoitwa na jirani alikwenda kula, akarudi. Jioni mume wangu alipofika getini alikohoa kwa nguvu, mama akakusanya kitenge chake na kutokea mlango wa nyuma. Walisalimiana ukuta ukiwa katikati.

"Mama, mumeshinda muzuri?"

"Tumeshinda, mukwe wangu. Kazi?"

"Kazi iko."

"Mungu asaidie."

Mimi nikiwa kitandani katikati yao, niliona ni upuuzi mtupu, na niliupenda.

Kuhusu kukandwa, sitadanganya, ni mateso. Mama alichemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akachovya kitambaa, akakikamua, akanikandamiza tumboni, mgongoni, kiunoni, huku nikipiga kelele mpaka jirani anacheka upande wa pili. "Vumilia. Hata mimi walinikanda," alisema. Hilo nalikumbuka. Mdogo wangu alizaliwa Nakivale tulipokuwa bado chini ya turubai, na mama yake mama alikuwa amebaki Kongo, hajulikani kama yu hai. Walimkanda wanawake wa kanisa. Kila mmoja alikuja na lugha yake na namna yake; huyu anasema maji yawe ya moto zaidi, yule anasema uji uwe na karanga, mwingine anakataza maharage. Walibishana juu ya mwili wake mpaka akapona. Mama husema hakupata kuwa na mama wengi kama wiki zile.

Mimi mwili ulipona. Kiuno kilichokuwa kikiuma kikaacha kuuma. Kilichokataa ni kitu kingine, na sikujua nikiite nini. Nilikuwa naamka na uzito, nalia bila kuambiwa neno. Namtazama mtoto wangu, mzuri, mwenye nywele nyingi, na nahisi niko mbali naye, kana kwamba nimeachiwa nimtunze na mwenyewe atarudi kumchukua. Chakula kilinigeuka. Kila kitu kilikuwa na ladha ya majivu. Jioni mume wangu aliketi nami, nikamwambia nimeshakula mchana nimeshiba, akaniamini. Wanaume huamini kile wanachotaka kiwe kweli.

Tulipompeleka mtoto kupimwa, alikuwa hajaongezeka. Muuguzi alinitazama mimi badala ya mtoto. Alisema mwili wangu hauna tatizo, lakini nisipokula maziwa yatakauka, na mtoto huyu bado ni mdogo mno kuvumilia hilo. Akasema pia kwamba huzuni ya aina yangu huwapata wazazi wengi, nisiione aibu, nirudi kuongea naye, na nyumbani nisiachwe peke yangu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli. Njia nzima ya kurudi hakunisema hata kidogo, nikaogopa.

Alipika kila kitu. Alipika sombe, akapika mchuzi wa kuku, akapika uji. Jirani akaleta karo, ugali wao wa ulezi, na samli yao nyeupe ambayo hutolewa kwa wageni wa heshima. Nilionja, nikageukia ukuta.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze. Kwetu chakula cha peke yako si chakula. Hasa mzazi, yeye hula sahani moja na anayemuuguza. Wanamega pamoja, zamu kwa zamu, na kama mzazi anasitasita yule mwingine anamngoja. Ndiyo maana hakuna mzazi anayesahau kula. Lakini anayeniuguza mimi alikuwa mama, na mama hakuweza kula katika nyumba ile. Kwa hiyo nilikula peke yangu, yeye amesimama pembeni amekunja mikono, akinitazama. Nani anaweza kumeza hivyo? Alitaka nihamie kwa jirani ili tukale huko. Sikuwa na nguvu ya kusimama, na hamu ya kutoka nje sikuwa nayo.

Ilikuwa mchana wa jua. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi, ananyonya, anaachia, analia tena, kwa sababu hakukuwa na kitu cha maana cha kunyonya. Mama aliweka sahani kando yangu, bugali na sombe yenye mukene. Nikaisukuma.

"Kula, mama," alisema. Kwetu mzazi humwita binti yake mama, na siku hiyo neno lile liliniumiza.

"Sitaki."

"Kidogo tu. Juu ya mutoto."

Nikapandwa na hasira, ile hasira ya mtu asiye na nguvu. Nikamwambia, "Hata wewe hukulake hapa. Juu ya nini mimi nikule?"

Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamlaza kitandani, akamfunika. Kisha akarudishia mlango, haukufunga vizuri kwa kuwa mume wangu seremala hutengeneza milango ya watu wote isipokuwa wake. Akanawa mikono. Akakaa kwenye mkeka karibu na kitanda, mgongo wake ukielekea mlango, akavuta sahani katikati yetu. Nilidhani anataka kunilisha. Akamega tonge, akalichovya kwenye sombe, akalishika hewani kidogo.

"Bandugu yangu banisamehe," alisema taratibu, akalitia mdomoni.

Nilimwona akitafuna. Nilimwona akimeza. Mama yangu, aliyeweza kushinda na kiu mchana mzima wa kiangazi kuliko kuomba maji kwa mkwe wake, alikuwa anakula kwa mkwe wake, bila kaka, bila mbuzi, bila neno la mtu yeyote. Niliona aibu yake wazi usoni, na aliibeba tu, akanisukumia sahani.

"Sasa weye. Tuko tunakula sisi babili."

Nikamega. Yeye akamega. Nikamega. Machozi yalinitiririka yakaingia kwenye mboga na hakuna aliyejali. Niliposita alingoja, tonge mkononi, kama mtu mwenye siku nzima. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nilisikia chumvi. Nilisikia uchungu wa majani ya muhogo na harufu ya mukene aliowatukana. Nilimpenda mama yangu pale kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilitaka kuishi.

Tulikuwa tumefika katikati ya sahani nilipoinua macho na kumwona mume wangu mlangoni.

Alikuwa amerudi kuchukua futi yake ya kupimia, na kwa kuwa haikuwa saa yake ya kurudi, alisahau kukohoa. Mlango ulikuwa umeachia nafasi ya kutosha. Alimwona mama mkwe wake kwa nyuma, kitambaa cha kichwa kimelegea, mkono ukitoka kwenye sahani kwenda mdomoni. Mama hakumwona. Mimi nilimwona vizuri, na niliogopa, maana namjua yule mwanaume. Anatania hata kwenye mazishi. Alikuwa amengoja tangu ndoa yetu amwone mama akila kwake ili amwambie, si nilikuambia, mama? Neno moja tu, hata la furaha, na mama angefungasha mizigo jioni ile, na aibu yake angeibeba mpaka Nakivale na mpaka kaburini.

Alinitazama. Uso wake ulibadilika taratibu, nikaona kwamba ameelewa kilichokuwa kwenye ile sahani. Akarudi nyuma, unyayo kwa unyayo, kama anayetoka kanisani watu wakiwa wanaomba. Kupitia ule mwanya nilimwona akikaa kwenye kibao cha nje, ametupa mgongo.

Mama alimega tena. Nami nikamega.

Hatukuwa tumemaliza, sauti ya jirani ikasikika uani. Alikuwa anakuja kumwita mama chakula cha mchana, kama kila siku, na kama kila siku alikuwa anakuja moja kwa moja hadi mlangoni. Nikasikia kibao kikilia. Mume wangu amesimama.

"Mama hajakula bado," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno kuliko ilivyohitajika, kama anahutubia kijiji. "Anakuja sasa hivi. Kwangu hapa hajakula kitu!"

Mkono wa mama ulisimama hewani. Hakugeuka. Alinitazama mimi tu, macho makubwa, shavu limejaa, na nikaona anahesabu kichwani: mlango, mgongo wake, ile sauti, tangu lini yuko pale. Nikatikisa kichwa kidogo sana. Sijui nilimaanisha nini.

"Kale, haya," alisema jirani. "Karo iko tayari. Leo na nyama iko. Mwambie yeye kuja mbio."

Ndipo mume wangu alipokohoa. Alikohoa vile anavyokohoa jioni, kikohozi kirefu, chenye adabu, cha mtu anayefika sasa hivi kutoka kazini.

Mama alimeza. Akanifutia mdomo kwa ncha ya kitenge, akajifuta na wake, akafunga kitambaa chake upya. Akasimama, akaniinamia na kunionyesha meno.

"Iko sombe ku meno?" alinong'ona.

Ilikuwepo. Niliitoa kwa ukucha. Akaniwekea mtoto kwenye ziwa, akatokea mlango wa nyuma, na nje nikasikia wakisalimiana, ukuta ukiwa katikati yao.

"Umerudi mapema, mukwe wangu."

"Njo nafika sasa hivi, mama. Sijaona hata mutu."

Nikasikia hatua za mama zikienda, kisha zikasimama.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema mama. Hakuwahi kumwita hivyo.

Mtoto alianza kunyonya. Nilikaa nikisikiliza ng'ambo ya ua. Nilisikia maji ya kunawa yakimiminwa, sahani zikiwekwa, na jirani akimwambia mama kwamba anafanya kazi nyingi bila kula, bambi, maskini, atakuja kuanguka. Mama yangu alikuwa ametoka kula bugali nusu sahani. Alikaa chini, akala karo ya watu na nyama yote, na katikati nikasikia sauti yake ikipanda makusudi, ili ivuke ua, imfikie mkwe wake pale alipokaa kwenye kibao.

"Ongeza kidogo, mama. Niko na njaa mingi."